Umefungiwa mtandao mpya wa giga 2.5 au giga 10 ofisini? Upime hivi kabla hujamlipa fundi hela iliyobaki

Maswali yanakuja yaleyale kila wiki, nimeona bora niyajibu sehemu moja. "Kaka nimenunua swichi ya giga 10 mbona YouTube bado inazunguka?" "Fundi kasema mtandao ni giga 2.5 lakini nikikopi video inaenda megabaiti 110 tu, nimepigwa?" "Hii kebo ntajuaje kama ni shaba kweli?"

Hilo la YouTube nalimaliza hapahapa. Ninaposema "giga" namaanisha gigabiti kwa sekunde, ndo spidi ya mtandao. Mtandao wa ndani ni njia kati ya kompyuta zako zenyewe, yaani mashine ya editing, seva ya mafaili, laptopu ya bosi. Intaneti ni bomba lingine kabisa, kama unalipia megabiti 20 basi utapata hizo 20 hata swichi yako (kile kiboksi kinachounganisha kebo za kompyuta zote) iwe ya giga 100. Anayefaidika na giga 2.5 au 10 ni mtu wa studio ya video anayehamisha gigabaiti 100 za harusi kila Jumatatu, ofisi ya wachoraji ramani za majengo, chuo chenye maabara ya kompyuta 30 zinazovuta vitu kutoka seva moja. Kama kazi yako ni Word na barua pepe, giga 1 inakutosha sana, hiyo hela nunua UPS.

Sasa kosa kubwa ninaloliona kwa karibu kila mtu: mtandao ukishafungwa anakopi faili moja, anaangalia namba, anatoa hukumu. Ukikopi faili unapima vitu vingi kwa mpigo, diski ya huku, diski ya kule, antivirasi, programu ya kushea mafaili, ndo mtandao nao umo humo ndani. Namba ikiwa mbovu hujui nani mwenye kosa, na fundi atakwambia "ni kompyuta zako hizo" na wewe huna cha kumjibu. Kwa hiyo tunapima kitu kimoja kimoja, tunaanza na waya, faili tunaliacha mpaka mwisho.

Andaa hivi vitu kwanza

- Kompyuta mbili zenye kadi ya mtandao ya spidi unayopima. Kama ni giga 10 zote mbili ziwe na giga 10, usipime na laptopu ya giga 1 halafu ukalalamika.
- Flashi mbili zenye Ubuntu (mfumo wa Linux, unakaa mahali pa Windows) ya kuwasha bila kuinstoli. Sababu ntaitaja.
- Kebo fupi moja unayoiamini, Cat6 ya kiwandani (Cat5e, Cat6 na Cat6A ni madaraja ya kebo za mtandao), mita 2 au 3. Hii ndo rula yako.
- Maltimita ya kawaida tu.
- Daftari. Kweli kabisa, daftari na kalamu, andika kila chumba na kila poti.
- Nusu siku ambayo ofisi haina kazi, Jumapili ndo nzuri.

Na hesabu hizi zikae kichwani, nadharia yote ni hiyo basi. Spidi ya mtandao inatajwa kwa biti, mafaili yanatajwa kwa baiti, baiti moja ni biti 8. Halafu sehemu ya njia inaliwa na vichwa vya pakiti, ndo maana hutapata namba kamili ya kwenye boksi hata siku moja. Mtandao mzima wenye afya unatoa hivi:

- giga 1: megabiti 940 hivi, kwenye faili kama megabaiti 110 kwa sekunde
- giga 2.5: gigabiti 2.35, faili kama megabaiti 280
- giga 10: gigabiti 9.4, faili kama megabaiti 1,100 kama diski zinaweza

Zile gigabaiti 100 za harusi, kwa giga 1 ni dakika 15, kwa giga 2.5 ni dakika 6, kwa giga 10 ni dakika moja na nusu. Sasa rudi kwa yule wa megabaiti 110: hiyo ni namba ya giga 1 iliyo safi kabisa, haipungui wala haizidi, kwa hiyo mahali fulani njiani kuna kitu cha giga 1. Namba yenyewe imeshakwambia utafute nini.

Hatua ya 1: Pima mtandao wa zamani kabla haujang'olewa

Watu wanaruka hii halafu baadaye hawawezi kusema kilichoongezeka ni nini. Fanya hatua ya 5 na ya 8 kwenye mtandao wa zamani, andika namba, weka tarehe. Kama umeshang'oa basi endelea tu.

Hatua ya 2: Kagua kebo, na hapa usiwe na haraka

Kwetu huku tatizo namba moja ni kebo. Madukani imejaa kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa na pembeni kwa herufi ndogo kuna CCA, au hata hiyo CCA hawajaiandika. Viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba tupu, kwa hiyo hiyo kitu siyo Cat6 hata iandikwe vipi. Umbali mfupi inafanya kazi, ndo inavyowadanganya watu, ukienda mita 60 au 70 inaanza kuleta makosa, na ukipitishia umeme wa kamera inapata moto kuliko shaba.

Chuna kipande, ukwangue waya mmoja kwa wembe. Ndani pakiwa peupe ni aluminiamu, shaba ni nyekundu mpaka katikati. Ukunje na kuukunjua mara kadhaa pia, aluminiamu inakatika haraka.

Kama kebo imeshaingia ukutani, tumia maltimita. Chomoa ncha zote mbili kwenye vifaa, upande wa mbali unganisha pamoja waya wa bluu na mweupe-bluu, upande wako pima ukinzani kati ya hizo mbili, toa ukinzani wa nyaya za maltimita yenyewe. Kwa kebo ya mita 50 shaba inakupa kama ohm 7 mpaka 8.5 kutegemea unene, aluminiamu inakupa 10 mpaka 13. Ukiona 12 usibishane na mtu, mwonyeshe maltimita.

Aina ya kebo nayo: giga 2.5 inapita kwenye Cat5e nzuri mpaka mita 100, kiwango chake kilipitishwa 2016 na lengo lilikuwa hilohilo watu wasing'oe waya zao. Giga 10 kwa Cat6 usizidi mita 55, na kama kebo nyingi zimefungwa bando moja hata hapo pungua. Ukitaka mita 100 kamili ni Cat6A. Kati ya jengo na jengo usipitishe shaba, pitisha faiba, radi na ethi za majengo mawili tofauti zitakuchomea swichi msimu wa mvua.

Hatua ya 3: Angalia vifaa vimekubaliana spidi gani

Zima Wi-Fi kwanza! Nimeshaona mtu anahangaika masaa mawili na kebo kumbe laptopu inapita hewani.

Kwenye Ubuntu andika `ip link` upate jina la kadi, mfano enp3s0, halafu:

`sudo ethtool enp3s0`

Tafuta mstari wa Speed. Unataka 2500Mb/s au 10000Mb/s, na Duplex iwe Full, yaani inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, angalia LinkSpeed. Taa za swichi zisikuridhishe, rangi zake kila kampuni ina maana yake.

Namba hapa ikiwa ndogo simama, nenda chini kwenye sehemu ya "Ukikwama", usiendelee na hatua ya 4.

Hatua ya 4: Kompyuta kwa kompyuta, bila swichi

Washa zote mbili kwa zile flashi za Ubuntu. Nataka Ubuntu kwa sababu tunaenda kutumia iperf3, programu ya kupima spidi kati ya kompyuta mbili bila kugusa diski, na waliotengeneza iperf3 hawaisapoti Windows rasmi, zile zilizozagaa za Windows nyingi ni za zamani sana, zinakupa namba ndogo halafu unalaumu kebo isiyo na kosa. Tena ukiwa na Ubuntu safi umeziondoa draiva mbovu, antivirasi na makorokoro yote kwenye hesabu.

Ukiwa bado una intaneti, kwenye mashine zote mbili:

`sudo apt update`
`sudo apt install iperf3`

Kisha ziunganishe kwa ile kebo fupi, moja kwa moja. Kwenye setingi za mtandao weka anwani kwa mkono, moja 192.168.50.1 nyingine 192.168.50.2, maski 255.255.255.0, geti acha wazi. Mashine ya kwanza:

`iperf3 -s`

Ya pili:

`iperf3 -c 192.168.50.1 -t 60`

Acha dakika nzima, usikate kwenye sekunde ya tano kwa sababu umeona namba nzuri. Soma mstari wa mwisho ulioandikwa receiver, huo ndo uliofika kweli. Kisha geuza upande:

`iperf3 -c 192.168.50.1 -t 60 -R`

Hii -R watu hawaifanyi na ndo inayofichua vitu. Kebo inaweza kutuma fresh kabisa na kupokea vibaya. Pande zote mbili zikitoa 2.35 au 9.4 basi kadi zako ni nzima na zimeshavuka, kuanzia hapo kosa lolote ni la kitu utakachoongeza.

Kwa giga 10, prosesa nayo inaweza kuwa ndo kikwazo. Jaribu kuongeza `-P 4`, inatuma njia nne kwa pamoja. Matoleo ya iperf3 kabla ya 3.16 yanatumia kiini kimoja tu cha prosesa hata ukiweka -P, kwa hiyo angalia `iperf3 -v` kabla hujahukumu.

Pia kuna safu imeandikwa Retr, ni pakiti zilizobidi kutumwa tena. Chache mwanzoni siyo ishu. Zikiwa zinaongezeka kila sekunde kuna kitu kinaumwa.

Hatua ya 5: Ingiza swichi, halafu chumba kwa chumba

Kipimo kilekile, sasa na swichi katikati na kebo zako fupi. Namba isishuke. Ikishuka jaribu poti nyingine, swichi nyingi zina poti mbili tu za giga 10 na zilizobaki ni 1 au 2.5, soma maandishi ya kwenye boksi.

Baada ya hapo mashine moja ibaki kwenye swichi, nyingine uibebe uende nayo kila soketi ya ukutani, pande zote mbili, andika. Ndiyo inachosha, ofisi yenye soketi 20 itakula masaa mawili, lakini hapa ndo unamkamata fundi aliyekrimpu soketi ya mwisho saa 1 usiku akiwa anataka kwenda nyumbani. Nilikagua ofisi moja yenye soketi 18, tatu zilikuwa zinakubali giga 1 tu, tukafungua vifuniko tukakuta amefumua mizunguko ya waya sentimita 5 nzima kabla ya kuingiza kwenye meno. Zikarudiwa mbele yangu siku hiyohiyo na zikapita. Ile mizunguko isifumuliwe zaidi ya sentimita 1.3, ikifumuka ishara za jozi moja zinaanza kuingilia jozi nyingine.

Angalia pia vitu vinavyojificha njiani: simu ya mezani ambayo kompyuta inapitia mgongoni mwake, swichi ndogo ya zamani chini ya meza ya sekretari, rauta ya kampuni ya intaneti. Kimoja tu kikiwa cha giga 1, chumba chote ni giga 1.

Hatua ya 6: Wote kwa pamoja

Mtu mmoja akipima peke yake mtandao unaonekana mzuri. Kazi halisi ni watu sita wanavuta kutoka seva moja saa nne asubuhi. iperf3 moja inapokea mteja mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo kwenye seva fungua kadhaa:

`iperf3 -s -p 5201`
`iperf3 -s -p 5202`

na kuendelea, kila kompyuta iende kwenye namba yake kwa `-p`. Jumlisha. Kama seva ina giga 10 na kompyuta tatu zina giga 2.5, jumla inatakiwa iwe kama gigabiti 7. Ukipata 0.94 kwa watu wote, swichi mbili zimeunganishwa kwa poti ya giga 1 katikati, kosa la kila siku hilo.

Wakati kipimo kinakimbia, kutoka mashine nyingine piga `ping` kwenye seva. Mtandao ukiwa umetulia unapata chini ya milisekunde 1. Chini ya mzigo ikipanda kidogo ni kawaida, ila ikifika makumi ya milisekunde au majibu yakaanza kupotea, hiyo swichi inazidiwa.

Hatua ya 7: Iache ikeshe

`iperf3 -c 192.168.50.1 -t 28800`

Hayo ni masaa 8. Asubuhi angalia:

`ethtool -S enp3s0 | grep -iE "err|crc|drop"`

Makosa ya crc (pakiti zilizofika zimeharibika) yanatakiwa yawe sifuri au karibu na sifuri, yakiwa maelfu ni kebo au kichwa chake cha RJ45, ile plagi ya mwishoni. Gusa swichi, gusa na zile moduli za giga 10 zinazochomekwa kwenye tundu la SFP+ (tundu la moduli za faiba) ili lipokee kebo ya RJ45, zinachemka kweli kweli, na kwa joto la Dar ukizifungia kwenye kabati lisilo na feni usishangae mtandao unakatika saa nane mchana kila siku na usiku ni mzima. Kama seva na swichi ziko kabati moja tumia kebo ya DAC, ile kebo fupi ya shaba yenye moduli zake ncha zote mbili, haichemki na bei yake ni rahisi.

Hatua ya 8: Sasa ndo faili

Rudi kwenye Windows au chochote mnachotumia. Kopi faili moja kubwa, liwe kubwa kuliko RAM ya mashine, mfano video ya gigabaiti 40, la sivyo unapima kumbukumbu na siyo diski. Kisha kopi folda ya picha elfu kadhaa ndogondogo. Ya pili itakuwa taratibu sana, na huo siyo ugonjwa wa mtandao, kila faili lazima lifunguliwe na kufungwa.

Diski ya kuzunguka inatoa megabaiti 150 mpaka 250, SSD ya SATA kama 550, NVMe inaenda maelfu. Mtu mwenye seva ya diski moja ya kuzunguka akifunga giga 10 ametupa hela, angeanza na diski.

Hatua ya 9: Fremu kubwa, kwa anayetaka

Kuongeza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja, kawaida ni baiti 1500) mpaka 9000 kunapandisha giga 10 kutoka 9.4 kwenda 9.9 hivi na prosesa inapumua. Lakini kila kifaa kwenye huo mtandao lazima kikubali, kimoja kikikataa unapata mafaili yanayoganda katikati bila maelezo. Mi kwa giga 2.5 siigusi kabisa. Ukijaribu hakikisha hivi, kwenye Linux:

`ping -M do -s 8972 192.168.50.1`

Ukikwama

*Inakubali megabiti 100 tu.* Jozi moja au mbili kati ya nne hazijashika. Rudia kichwa, mpangilio ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia, ncha zote mbili sawa.

*Kadi ni giga 2.5, swichi ni giga 10, wanakubaliana giga 1.* Vifaa vingi vya giga 10 vya zamani havijui 2.5 wala 5, vinaruka kutoka 1 kwenda 10. Kebo haina kosa hapo. Intel X540 mfano iko hivyo, X550 inazijua.

*Inagoma kwenye megabiti 300 na kitu.* Adapta ya USB umeichomeka kwenye poti ya USB 2.0. Hamishia ya bluu.

*Giga 10 inagoma kwenye 3 na kitu.* Kadi iko kwenye sloti ndogo ya PCIe. Andika `sudo lspci -vv`, linganisha LnkCap na LnkSta za hiyo kadi, Width ikiwa x1 wakati kadi inataka x4 au x8 ihamishe.

*iperf3 haiunganishi kabisa.* Fayawoli, fungua poti 5201, au umekosea anwani.

*Faili linaanza megabaiti 900 halafu linaanguka mpaka 150.* Kumbukumbu ya muda ya SSD imejaa. Pima tena kwa iperf3, ikitoa 9.4 achana na mtandao, kanunue diski nzuri.

*Inakatika sekunde mbili kila baada ya muda.* Zima kwanza setingi ya kubana umeme kwenye kadi, ile ya Energy Efficient Ethernet au Green Ethernet. Ikiendelea badilisha kebo, kisha moduli, kimoja kimoja, usibadilishe vitu vitatu kwa wakati mmoja maana hutajua kipi kimeponya.

Lile daftari lipige picha, soketi zote na namba zake, mtumie fundi kabla hajaja kuchukua hela. Zilizofeli azirudie mkiwa wote na iperf3 inakimbia kwenye skrini.